Ukingo wa Barabara

Kila mji una sehemu tatu. Ya kwanza ni nyumba, ambamo mtu hufunga mlango akawa mfalme wa chumba chake. Ya pili ni barabara, ambamo hapana mfalme, na kila mpita njia ni mgeni wa mwenziwe. Ya tatu ni ukanda mwembamba ulio kati ya hizo mbili, hatua chache tu kwa upana, ambamo zimesimama nguzo za taa, miti, mapipa ya taka na magari yaliyolala. Sehemu hii ya tatu haikupata kusifiwa. Watu huipita bila ya kuitazama. Lakini katika miaka hii yamkini hapana mahali katika miji mikubwa panapogombewa kwa adabu zaidi, na kwa ukaidi zaidi, kuliko hapo. Sababu ya ugomvi ni waya wa umeme.

Nakaa London, kusini ya mto Thames, katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya kupanga. Mtaa wetu ulijengwa katika zama ambazo aliyekuwa na gari alikuwa na farasi pia. Nyumba zimeshikana mabega kama watu waliosimama kwenye safu, na milango yake yafunguka karibu sana na njia ya waenda kwa miguu. Hapana uwanja mbele wala banda nyuma. Mwenye gari huliacha barabarani alipopata nafasi, leo mbele ya mlango wake, kesho mbele ya mlango wa mtu asiyemjua. Kwa muda mrefu desturi hii haikumdhuru mtu. Gari la petroli halitaki kitu nyumbani. Leo mambo yamegeuka, na mgeuko huo ndio ninaotaka kuueleza.

Gari la umeme si jambo geni duniani, ijapokuwa wengi hudhani limezaliwa jana. Mwaka 1897 teksi za umeme zilizobuniwa na Walter Bersey zilitembea katika barabara za London, na kwa ajili ya mvumo wao wa chini watu walizifananisha na ndege wadogo wavumao. Mwezi wa Aprili mwaka 1899, karibu na Paris, Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme kwa mwendo uliopita kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo gari lolote la barabarani lilikuwa halijaliweza. Lakini mwaka huo huo wa ushindi wa Jenatzy, teksi za Bersey ziliondoka barabarani. Betri zilikuwa nzito, zikala matairi, na gharama zikala faida. Petroli ilishinda kwa sababu nyingi, na moja katika hizo ni nyepesi mno: iliweza kutiwa katika kopo la galoni mbili, ikauzwa dukani pamoja na misumari na mafuta ya taa. Umeme haukuweza kuchukuliwa kwa mkono. Haukuwa na budi kufuatwa ulipo, au kuletwa kwa waya.

Zaidi ya karne imepita, na betri zimekuwa bora kuliko ndoto za Bersey. Walakini tabia hii haikubadilika. Gari la petroli hunywa kama ngamia: mara moja, kwa haraka, kisha likaenda zake. Gari la umeme hula kama ng'ombe acheuaye zizini: polepole, usiku kucha, palepale lilipolala. Kwa hiyo swali la zamani lilikuwa, kituo cha mafuta ki wapi? Swali la sasa ni, gari lako hulala wapi? Na swali hili la pili halimwulizi mtu safari yake, bali lamwuliza nyumba yake. Hapo ndipo tajiri na maskini wanapoachana.

Mwenye nyumba yenye uwanja mbele hufunga kisanduku ukutani, akachomeka waya jioni, akalala. Asubuhi gari limeshiba. Kampuni za umeme humpa bei ya usiku, wakati ambapo viwanda vimelala na pepo za baharini zaendelea kuzungusha mitambo. Katika mwaka 2024 bei hiyo iliweza kuwa peni 7 au 8 tu kwa kilowati ya saa moja. Mwaka huo huo, aliyechaji kwenye nguzo za barabarani zenye mwendo wa polepole alilipa kwa kawaida zaidi ya peni 50, na aliyekwenda kwenye mashine za haraka alilipa karibu ya peni 80. Juu ya hayo palikuwa na kodi. Umeme wa nyumbani ulitozwa asilimia 5. Umeme huo huo, ukiuzwa barabarani, ulitozwa asilimia 20. Waingereza wenyewe, ambao hupenda kuvipa vitu vichungu majina mafupi, waliiita tofauti hii kodi ya njia ya miguu.

Kama jambo hili lingekuwa la watu wachache, lingesameheka. Lakini inakisiwa kwamba katika Uingereza nzima nyumba moja katika kila tatu haina mahali pake pa kuegesha gari, na katika London nyumba za namna hiyo ni zaidi ya nusu. Serikali iliazimia mwaka 2020 kwamba magari mapya ya petroli na dizeli hayatauzwa tena kuanzia 2030. Mwaka 2023 tarehe ikasogezwa mpaka 2035. Mwaka 2025 serikali iliyofuata ikairudisha 2030. Tarehe imekwenda na kurudi kama maji ya bahari, lakini mahali pa kuegesha hapakuongezeka hata shubiri moja.

Nina jirani yangu, kijana mzaliwa wa Mombasa, aendeshaye gari la kukodi usiku. Tangu mwanzo wa mwaka 2023, gari linalosajiliwa London kwa mara ya kwanza kwa kazi hiyo lazima liwe la namna iwezayo kwenda bila ya kutoa moshi. Yeye akanunua gari la umeme kwa mkopo. Hakulalamika, alisema watoto wake wawili wana pumu, na hewa anayoisafisha ndiyo wanayoivuta. Huonana nami alfajiri nitokapo kwenda kazini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi salama?"

"Nimerudi, Mzee, na sijarudi. Gari lataka kula kabla yangu."

Maana ya maneno yake ni hii. Kila alfajiri, baada ya saa kumi za kazi, huenda maili mbili kwenye mashine ya haraka, akasubiri zamu yake, kisha akasubiri betri. Kwa usiku mmoja hutembea kilomita 200 hivi, na kilowati moja ya saa humpeleka kama kilomita 6, basi huhitaji kilowati za saa 33 au zaidi. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Kwa bei ya mwenye uwanja, chakula hicho kingekuwa na thamani ya pauni mbili na nusu. Kwa bei ya mashine ya haraka ni pauni 26. Ni umeme ule ule, uliopita katika nyaya za mji ule ule. Tofauti ni hatua chache za ardhi mbele ya mlango, ambazo mmoja alizipata pamoja na nyumba na mwingine hakuzipata. Na saa moja ya usingizi haina bei.

Lisilokuwa na njia hujitafutia njia. Majira ya baridi moja niliona waya umeteremshwa kutoka dirisha la ghorofa ya kwanza, ukazungushwa kwenye tawi la mti, ukashuka mpaka gari lililokuwa chini. Mwingine aliulaza waya wake juu ya njia ya miguu, akaufunika kwa kipande cha zulia. Nilizitazama hila hizo kwa huruma, maana nilijua zilikotoka. Lakini mtaani petu hukaa mama mmoja asiyeona, atembeaye kwa fimbo nyeupe, aijuaye njia hiyo kwa hesabu ya hatua. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya zulia lile, fimbo yake ikiligusa na kuliacha, kama mtu ajaribuye kutambua mnyama gizani. Nilipomshika mkono kumvusha alisema maneno ambayo sikuyasahau: "Mimi silioni gari hilo, wala sijui kama lanywa petroli au maziwa. Nijualo ni kwamba jana njia hii ilikuwa yangu."

Tangu siku hiyo nimeona kwamba jambo hili lina dhuluma mbili, na kwamba mwenye kutaka kuiondoa moja kwa kuizidisha ya pili hakuondoa kitu. Kijana wa Mombasa hana mahali pa kuchaji; hiyo ni dhuluma ya kwanza. Lakini akipewa mahali kwa kumnyang'anya asiyeona njia yake, mtaa utakuwa umebadilisha machozi ya mtu kwa machozi ya mtu mwingine. Mwaka 2022 ulitolewa mwongozo wa viwango wa Uingereza juu ya jinsi vituo hivi vifaavyo kujengwa, ili mtu wa kiti cha magurudumu aweze kuvifikia na mpita njia asizuiliwe. Kwa sadfa namba ya mwongozo huo ni 1899, mwaka wa mbio za Jenatzy. Imetuchukua zaidi ya miaka 120 kutoka swali la gari laweza kukimbia kiasi gani mpaka swali la nani aweza kulifikia.

Sasa niseme juu ya nguzo ya taa, maana ndani yake imo hekima ambayo sikuitazamia kwa chuma. Kila mtaa wa London una taa, na kila taa ina waya wa umeme chini yake. Zamani taa hizo zilikuwa za mvuke wa sodiamu, zikitoa mwanga wa manjano na kula umeme mwingi. Katika miaka ya karibuni nyingi zimebadilishwa zikawa taa za LED, ambazo hula sehemu ndogo tu ya umeme ule. Waya uliolazwa kwa ajili ya mlaji mkubwa ukabaki na mlaji mdogo, na nafasi ikapatikana. Mafundi wakatoboa nguzo, wakaweka tundu la kuchomekea, na nguzo iliyokuwa ikilisha macho ikaanza kulisha na magari. Haikuchimbwa barabara, wala hakikuongezwa kitu juu ya njia ya miguu. Mwezi wa Machi mwaka 2020, katika Sutherland Avenue huko Maida Vale, nguzo 24 zilikuwa zimekwisha kufanywa hivyo katika barabara moja. Mwisho wa mwaka 2024 Uingereza ilikuwa na vituo vya hadhara zaidi ya 70,000 vya kila namna, na sehemu iliyokaribia theluthi ilikuwa London.

Watu hucheka udogo wa nguvu ya nguzo hizi, ambayo ni kilowati 5 hivi. Wasema, gari lenye betri ya kilowati za saa 50 litakaa hapo saa kumi! Naam, litakaa, lakini lilikuwa likikaa hapo hapo usiku kucha tangu zamani, bila ya kupata kitu. Tena magari mengi ya mjini hayatembei kama la jirani yangu. Gari la mtu wa kawaida hutembea kilomita 30 kwa siku, na saa moja au zaidi kidogo kwenye nguzo hurudisha kilichotumika. Tumezoea kuhesabu haraka kuwa ni utajiri na polepole kuwa ni umaskini. Kwa chakula cha gari lililolala, polepole ndiyo utajiri: mashine zake ni rahisi, na usiku ni mrefu.

Hata hivyo nguzo si dawa ya kila ugonjwa. Katika mitaa mingi nguzo zimesimama upande wa kuta badala ya upande wa magari, na waya ukitoka hapo hukatiza njia ile ile ya mama yetu. Nyingine ni za zamani mno, ni nyembamba, hazikubali kutobolewa. Kisha liko jambo la adabu: gari la petroli huegeshwa mbele ya nguzo na mtu asiyejua au asiyejali, na mwenye njaa akakosa. Na sheria ya mwaka 2023, iliyowataka wenye vituo vya hadhara waoneshe bei waziwazi na kuhakikisha mashine za haraka zafanya kazi, ililazimisha malipo ya kadi ya benki kwa vituo vipya vya kilowati 8 na zaidi. Nguzo za taa zikabaki nje ya sharti hilo, na mzee asiyekuwa na simu ya kisasa akabaki nje ya nguzo.

Tulipoandika barua kuomba nguzo za mtaa wetu zitobolewe, halmashauri, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikaa miezi kumi na minne kabla ya kujibu. Halafu paliitishwa mkutano katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda nikidhani nitasikia sauti moja, nikasikia nyingi. Mzee mmoja asiyekuwa na gari alisimama akauliza, "Kwa nini ukingo huu ni wa magari tu, yawe ya moshi au ya umeme? Mbona hamwombi miti, au mabenchi, au mahali pa baiskeli?" Wengine walimnyamazisha. Mimi niliona alikuwa na haki ya kusikilizwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, nyumba zaidi ya mbili katika kila tano za London hazikuwa na gari lolote. Watu hao hulipa kodi za mtaa kama wengine, na hewa chafu huwafikia kama wengine, au zaidi. Gari la umeme halitoi moshi, lakini huchukua nafasi ile ile ya gari la moshi, na mtoto akigongwa nalo haumii kidogo.

Jibu nililolitoa siku hiyo lilikuwa la kwetu Unguja. Niliwaeleza habari za baraza. Katika Mji Mkongwe, kama Lamu pia, nyumba nyingi zina kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje. Mwenye nyumba ndiye aliyelipa fundi na chokaa. Lakini haikuwa adabu kumwondosha mpita njia aliyeketi kupumzika. Juu yake watu walicheza bao, wakanywa kahawa, wakapatana bei, wakazungumza misiba. Mvua ya masika ilipojaza vichochoro maji, watu walipita juu ya mabaraza wasilowe miguu. Baraza si nyumba wala si barabara. Ni mahali ambapo mwenye mali hujikumbusha kwamba ana majirani. Hata umeme ulipoingia Unguja uliingia kwanza kwa mfalme, katika Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883. Lakini taa ya jumbani haikumwonesha njia mtu wa kichochoroni mpaka taa za umeme ziliposimamishwa njiani kwa ajili ya wote. Nikawaambia kwamba nguzo ya mtaani ifuate adabu ya baraza: ajengaye na ajenge, anufaikaye na alipe haki yake, na apitaye apite.

Sidai kwamba maneno yangu yaliwageuza watu. Mzee yule alitikisa kichwa, kwa kukubali au kwa uchovu. Lakini mwishoni palipatikana mapatano. Nguzo sita zilizo upande wa magari zitobolewe. Zile za upande wa kuta ziachwe. Asiruhusiwe mtu yeyote kulaza waya juu ya njia. Na mbele ya nyumba ya mama asiyeona nafasi mbili za magari zitolewe, pawekwe benchi na mti. Kazi ya nguzo imekwisha kufanywa. Mti bado haujapandwa, na kila mwezi namwandikia mhusika kumkumbusha.

Huko kwetu Afrika Mashariki swali hili lina sura nyingine, na wengine wamelijibu kwa njia nyingine. Katika Kigali na Nairobi, waendeshao pikipiki za umeme hawangojei betri ijae. Hufika kituoni, wakaiacha betri tupu, wakachukua iliyojaa, wakaenda zao kwa dakika chache. Ni kama kopo la galoni mbili limerudi, likiwa na umeme ndani badala ya petroli. Njia hiyo yafaa kwa chombo chepesi chenye betri ya kuinuliwa kwa mikono. Kwa gari kubwa ni vigumu zaidi. Lakini hata mapikipiki yana ukingo wao wa barabara, na mijini kwetu ukingo huo tayari una mama ntilie, fundi viatu, muuza magazeti na mtoto arudiye shule. Magari ya umeme yatakapozidi, vituo vyake vitataka kusimama papo hapo. Wapimaji wa miji yetu wangefanya vyema kuwatazama watu hawa kwanza, kabla ya kuchora mstari mmoja juu ya karatasi.

Nikitakiwa shauri langu, nitalitoa katika mambo matatu. La kwanza, njia ya miguu iwe ya miguu, na chombo chochote cha kuchaji kisimame upande wa magari au kisisimame kabisa. La pili, umeme wa mtu asiyekuwa na uwanja usitozwe kodi kubwa kuliko umeme wa mwenye uwanja, maana kodi ya namna hiyo humwadhibu mtu kwa kosa la kukosa. La tatu, zipendelewe nguzo nyingi za polepole zilizo karibu na vitanda vya watu kuliko mashine chache za haraka zilizo mbali navyo. Za haraka ziachiwe wasafiri na wafanyao kazi kama ya jirani yangu.

Kijana yule sasa hupata nguzo siku tatu au nne katika juma, na siku hizo hupanda ngazi kulala kabla jua halijachomoza. Siku nyingine hukosa, akaenda maili zake mbili kama zamani. Nguzo sita hazitoshi mtaa wenye magari 90, na magari ya umeme huongezeka kila mwaka. Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyofanywa. Lakini nimeona kwamba yaweza kufanywa bila ya kumwangusha mtu, na hilo si dogo. Kwa kuwa mji hupimwa kwa hatua ya mtu wake aendaye polepole, na wala si kwa mbio za magari yake.